Lori la Rangi ya Hina

Watu wa Msambweni wakikuhadithia habari za Mwanapili binti Boga huanza na lori, kwa sababu lori lilionekana na kila mtu. Mimi nitaanza na ulimi wangu, kwa sababu ndio uliotaka kumponza. Naitwa Mishi. Nyumba yangu na yake zilitengwa na ua wa makuti tu, na mwaka ule wa 1956 nilikuwa mke kijana mwenye kazi chache na masikio marefu. Nayasema haya mapema ili usije ukanionea huruma huko mbele.

Mwanapili alikuwa mwanamke mfupi, wa mikono minene, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Mama yake alikuwa mtu wa Tiwi, akamwachia shamba la minazi huko. Vita vya Hitla vilipokwisha na jeshi likaanza kuuza magari yake makuukuu, Mwanapili alimwita Mwalimu Suleiman wa madrasa amwandikie hati, akaliuza shamba lote. Kwa fedha hizo mumewe, Waziri bin Shutu, alikwenda Mombasa akarudi na lori. Lilikuwa bado na kijani cha jeshi, na kuliwasha ilibidi dereva ashuke, atie hendeli mbele ya injini na kuzungusha mpaka atokwe na jasho. Lakini lilikwenda. Lilibeba nazi, mbata na watu kutoka Msambweni hadi Likoni, na kwenye milango yote miwili liliandikwa WAZIRI BIN SHUTU. Hakuna aliyeuliza kwa nini si jina la mwenye minazi. Wakati ule jina la mwanamke halikuwekwa mahali ambapo kila mpita njia angelisoma.

Waziri hakuwa na gereji ya bati kama za Mombasa. Aliunganisha banda la makuti na ubavu wa nyumba yake, akatoboa mlango kutoka ndani ya nyumba kuingia bandani. Upande wa barabara aliweka kiambaza cha makuti ambacho huondolewa gari likitaka kutoka. Kila mwaka wa pili alilipaka lori rangi humo, kwa kuwa chumvi ya pwani haina adabu kwa chuma. Mkewe ndiye aliyemshikia kopo, akamkorogea rangi, akamwonyesha palipobaki. Miaka minane mwanamke yule alishika kopo, na katika miaka minane mtu mwenye macho hujifunza.

Basi mwaka ule ikaja barua kutoka ofisi ya Kwale. Kutu imelila lori na jina halisomeki, ikasema. Litapewa leseni mpya likiisha kupakwa na jina la mwenyewe likiwa mlangoni, na siku ya ukaguzi ikatajwa. Waziri alianza mara moja. Aliukwangua mlango wa dereva mpaka chuma kikabaki kitupu. Usiku wake akashikwa na homa, na siku ya tatu tukamzika.

Mwanapili akaingia eda, miezi minne na siku kumi. Kwetu mwanamke aliye edani huitwa kizuka. Hatoki nyumbani, hajitii manukato wala wanja wala hina, huvaa kaniki na kukaa na Mungu wake. Hesabu ilipofanywa, eda ingekwisha siku ya Ijumaa, na ukaguzi wa Kwale ulikuwa Jumatatu iliyofuata.

Hakujaaliwa mtoto. Kwa hiyo baada ya hitima alikuja Chirau, mwana wa dada yake Waziri. Kwa ada za Kidigo za zamani mpwa ndiye mrithi wa mjomba wake, na Chirau, ambaye siku za maisha ya mjomba wake hakuwahi hata kulisukuma lori lilipokwama, siku ile alikumbuka ada zote. Alisimama ukumbini akasema na pazia, kwa kuwa Mwanapili alikuwa nyuma yake.

"Mkaza mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kulichukua lori. Nitalipeleka Mombasa lipakwe na mafundi, liandikwe jina langu, kisha tutaona wewe utasaidiwaje."

"Huwezi kuliwasha."

"Kwa nini?"

"Hendeli iko chini ya kitanda changu, na chumba cha kizuka mwanamume haingii. Kaa, unywe kahawa."

Hakukaa. Lakini alipotoka alikuwa akitabasamu, nami nikiwa uani kwangu nilimwona. Alijua kuhesabu siku. Kizuka hatoki, fundi mwanamume haingii, lori likitoka barabarani yeye angelinyakua, na ukaguzi haungoji mtu. Lori lisipopakwa lisingepata leseni, na bila leseni ni chuma cha kufugia kuku. Mwanapili alikwisha uza minazi yake, hakuwa na kitu kingine duniani. Angelazimika kumfuata Chirau na kumwomba.

Sikujua wakati ule alichokuwa akikifanya nyuma ya kiambaza. Nilisikia mkwaruzo asubuhi, umande ukiisha kukauka, nikadhani ni panya. Kwa kweli alikuwa akivuka ule mlango wa ndani kila siku na kuingia bandani. Alikwangua kutu kwa kisu cha kufulia nazi, akasugua kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, akaosha mafuta kwa maji ya majivu. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na ukioshea chuma, rangi hupanda malengelenge kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo alitumia maji ya mvua tu, yaliyokingwa mtungini kwa kuti lililofungwa kwenye shina la mnazi. Alimwagia sakafu maji ili vumbi lisiruke, akatundika kaniki kuukuu kuziba matundu. Rangi aliletewa na Kitsao, dereva wao, Mduruma wa Kinango, mtu wa maneno machache. Kitsao aliweka makopo chini ya kiambaza, akagonga mara mbili na kwenda zake, wala hawakuonana uso kwa uso.

Rangi ya kwanza ya chuma, ile ya kuzuia kutu, ni nyekundu. Hilo nalo sikulijua.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa eda. Nilimpelekea vitumbua, nikabisha hodi mlango wa uani. Mkono ukatoka kuja kupokea sahani. Vidole vilikuwa vyekundu, tangu kucha hadi kiungo cha pili, wekundu ule wa maharusi. Mlango ukafungwa. Nikabaki nimesimama pale, moyo unanidunda, na nitasema kweli, sehemu ya moyo ule ilikuwa furaha. Jambo kubwa kama lile nililiona mimi peke yangu.

Kisimani nilimwambia mtu mmoja. Mmoja tu, na nilimwapisha. Ilipofika alasiri kijiji kizima kilijua kwamba Mwanapili ametia hina naye yu edani, na wenye kujua zaidi walijua hata jina la mwanamume aliyetiliwa. Ulimi hauna mfupa, wasemavyo, lakini nimeuona ukivunja.

Kesho yake Chirau alikuja na Mwalimu Suleiman. Ukumbi ulijaa majirani, na mume wangu miongoni mwao. Chirau alitandaza maneno yake vizuri, kama mtu aliyelala akiyapanga. Mwanamke huyu amevunja eda. Hakumheshimu mjomba hata miezi minne. Mwanamke wa namna hii ataachiwaje mali ya marehemu? Na aitoe hendeli.

Mwalimu Suleiman alikuwa mtu wa pole, mwenye pumu, aliyeongea akipumzika.

"Aliyeiona hina ni nani?"

Macho yakaanza kunigeukia, moja baada ya jingine, na mume wangu akautazama mkeka. Nilitamani ardhi inimeze. Kwa kuwa haikunimeza, nilisema, "Ni mimi, Mwalimu."

"Basi nenda karibu na pazia. Mwanapili binti Boga, wasikia? Mpe mwanamke huyu mikono yako. Sisi hatutaitazama."

Wanaume wakageuza nyuso. Mikono miwili ikatoka chini ya pazia, nami nikapiga magoti kuipokea. Ilikuwa myekundu vilevile. Chirau aliniuliza, "Umeiona?" Nikajibu kwamba nimeiona.

"Mishi," sauti ya Mwanapili ikasema nyuma ya pazia, "unayo macho, hilo nalijua. Na pua unayo?"

Nikainama nikanusa. Hina nimeijua tangu utoto, harufu yake ni ya majani na ya arusi. Hii ilinikereketa koo. Ilikuwa harufu ya tapentaini na kopo la rangi. Na nilipotazama kwa karibu niliona kwamba ngozi ilikuwa imechanika vidoleni, na wekundu umekauka juu yake vipande vipande, na ukucha mmoja umevunjika kabisa. Hiyo haikuwa mikono ya mtu aliyejipamba.

Ningeweza kusema sina hakika. Ningeweza kusema hina ya siku hizi imechanganywa. Kichwani nilitafuta neno la kuniokoa, nami nikaona haya kwa kulitafuta.

"Si hina," nikasema. "Ni rangi ya gari. Nilikosea, nikausambaza uwongo."

"Leta mafuta ya taa," Mwanapili akasema. "Hina haitoki kwa mafuta ya taa."

Nikaleta taa yenyewe, nikatia mafuta kwenye kitambaa, nikamsugua kidole kimoja mbele ya watu wote. Kikatakata. Nilipotaka kushika cha pili akaivuta mikono ndani. "Kimoja chatosha," akasema. "Nina kazi, nitachafuka tena."

Chirau alichelewa kidogo tu. "Kumbe yuapaka gari! Na kupaka si pambo? Kizuka ana ruhusa gani ya kupamba?"

Mwalimu alicheka mpaka pumu ikamshika, tukamngoja. "Eda ni ya mwanamke, mwanangu. Lori halikufiwa. Banda limo ndani ya nyumba yake, mlango hakuuvuka. Kufanya kazi nyumbani kwake hakukukatazwa."

"Hata hivyo lori ni la mjomba. Jina la mlangoni lilikuwa lake."

"Minazi ya Tiwi iliuzwa mbele yangu, hati niliiandika kwa mkono wangu. Cha mjomba wako mtagawana mbele ya kadhi. Lori si la mjomba wako. Jina la mlangoni ni rangi tu, Chirau."

Pazia likasema, polepole, ili asiwepo wa kudai hakusikia.

"Kama jina ni rangi, rangi ninayo mimi."

Chirau alisimama. Alisema kwamba Kwale hawamjui Mwalimu wala hawaijui minazi, Kwale kuna Serikali, na Serikali haijapata kumpa leseni ya lori mwanamke wa Msambweni. Hilo hakuna aliyeweza kulipinga. Akasema tutakutana Jumatatu ya ukaguzi, akaondoka bila kuaga.

Jioni ile nilirudi mlango wa uani. Sikubisha, nilikaa kizingitini nikilia mpaka akafungua.

"Dada Mwanapili, nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe. Mtungi umekauka. Ulimi wako umefanya kazi ya kutosha, sasa tuione mikono."

Nikabeba maji ya mvua, mtungi baada ya mtungi, kutoka kila nyumba iliyokuwa nayo, na kila nyumba niliyoingia nilieleza kwamba nilikosea. Hilo lilikuwa sharti lake. Wengine walinicheka. Mume wangu alinikataza siku ya kwanza, siku ya pili akanyamaza, siku ya tatu akaniazima kikwanguo chake cha mtumbwi.

Ndipo nilipoingia bandani kwa mara ya kwanza na kuona alichokifanya peke yake. Lori zima lilikuwa limesafika, jekundu la rangi ya kwanza, isipokuwa mlango mmoja, wa abiria. Pale palibaki kijani cha zamani na mabaki ya jina la mumewe, herufi nne au tano zilizosazwa na kutu. Alikuwa amepaka kote akipazunguka. Siku ile alishika kisu akapakwangua, nami nilimshikia kopo la maji ya majivu. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na mkono haukusimama.

"Ninamkwangua mume wangu," akasema.

Nikamwambia kwamba angeweza kuliacha jina lile, likapakwa upya hivyohivyo.

"Nikiliacha jina lake, nimempa Chirau lori. Waziri alinipenda, lakini aliandika jina moja. Miaka minane nilipanda lori langu kama abiria. Nilikuwa na hasira naye kwa hilo, Mishi, na akafa kabla sijamwambia."

Rangi ya juu ilikuwa iwe kijani, Waziri alikwisha kuichagua. Makopo mawili yalikuwapo pembeni. Mwanapili alimwita Kitsao kutoka nyuma ya kiambaza, akamwambia ayarudishe dukani.

"Nilete rangi gani, mama?"

"Nyekundu iliyokoza. Rangi ya hina iliyolala mkononi usiku kucha. Walisema hina, basi wataiona, na wataiona mpaka Likoni."

Kitsao akaguna. Nafikiri alikuwa akicheka.

Tulipaka rangi hiyo mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, tukingoja kila mmoja ukauke na kuusugua kwa msasa wenye maji. Nzi mmoja alinasa kwenye boneti na Mwanapili akanigombeza kana kwamba nilimfuga mimi. Ikabaki jina. Yeye alijua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu tu, kama wanawake wote waliosoma madrasa, na Kwale walitaka za Kizungu. Baba yangu alikuwa dresa, mfunga vidonda, hospitalini Msambweni, alinifunza herufi hizo nikiwa mdogo, na mpaka siku ile hazikuwahi kunifaa kwa jambo lolote. Nikachukua chokaa, nikaandika kwenye mlango wa abiria, ili Mwanapili azifuatishe herufi kwa burashi na rangi nyeupe.

Alitazama nilichoandika. Akachukua kitambaa akafuta.

"Kubwa zaidi."

Nikaandika tena. Akafuta.

"Dada, likizidi hapo, hata mtu aliye barabarani atalisoma."

"Na nimtakaye ni huyo."

Nikaandika kwa upana wa mlango mzima, MWANAPILI BINTI BOGA, na chini yake MSAMBWENI. Sijui kama nimewahi kuona jina la mwanamke limeandikwa likawa kubwa vile, na nilihisi kama tunafanya dhambi, na nilihisi pia kwamba nataka kuandika na langu.

Ijumaa eda ikaisha. Wanawake wakaja alfajiri kumwogesha kama ilivyo desturi, wakamvua kaniki, wakamvika leso mpya. Wakamletea na bakuli la hina. Alilisogeza kando. "Yangu nimekwisha itia," akasema, akawaonyesha mikono, na wale waliokuwa kisimani siku ile wakaangalia chini pamoja nami.

Jumatatu tuliondoa kiambaza. Kitsao alizungusha hendeli, lori likatikisika, likatoka kwenye jua, na watu waliokuwa wakienda shamba walisimama na majembe yao. Mwanapili alikaa mbele na mimi kando yake. Mume wangu alikuwa nyuma, kwa hiari yake, juu ya gunia la nazi. Tulipita Diani na Ukunda, tukafika Tiwi. Hapo Mwanapili alitazama minazi iliyokuwa yake, ambayo sasa ilizaa nazi za watu wengine. Kisha tukashika barabara ya kupanda Kwale.

Chirau alikuwa ametutangulia. Alivaa kanzu nyeupe na koti juu, na mkononi alikuwa na barua ya wazee wa ukoo. Uwanja wa ofisi ulijaa magari na wenye magari, wote wanaume. Mkaguzi alikuwa Mzungu mrefu aliyeungua shingo, mwenye Kiswahili cha kutosha kazi yake. Alizunguka lori letu mara mbili. Aligonga ubavu, akapitisha kidole chini ya mlango akitafuta kutu, hakuipata. Akauliza ni fundi gani wa Mombasa aliyelipaka. Kitsao akamjibu kwamba si wa Mombasa.

"Mwenye gari nani?"

Chirau alikuwa amekwisha kufika mbele. "Ni mimi, bwana. Nimerithi kwa mjomba wangu." Akatoa barua.

Mzungu hakuipokea. Alikuwa ameinama mlangoni, anasoma kwa kidole, herufi moja moja, nami nikawa natamka pamoja naye kimoyomoyo. Alipomaliza alisimama akamtazama Chirau kuanzia kofia hadi viatu.

"Wewe ndiye Mwanapili binti Boga?"

Uwanja wote ulicheka, madereva, makarani, hata askari wa lango. Chirau akaikunja barua ya wazee. Mlango wenye jina ukafunguliwa, na Mwanapili akashuka taratibu kwa ajili ya leso yake mpya, na hati ya Mwalimu Suleiman kwapani.

"Ni mimi," akasema.

Mkaguzi alipoitazama hati na kutia sahihi, Mwanapili akanyoosha mkono kupokea leseni. Kucha zake zilikuwa bado nyekundu, na mkono hakuuficha.